Jina Juu ya Jiwe: Kumbukumbu ya Askari Kijana katika Maandishi ya Rudyard Kipling

Katika Barabara ya Kenyatta mjini Nairobi, ambayo zamani za ukoloni ilijulikana kwa jina la Delamere, zimesimama sanamu tatu za shaba juu ya msingi wa mawe. Zilisimamishwa mwaka 1928 kuwa ukumbusho wa Waafrika waliopigana, na waliobeba mizigo ya wapiganaji, katika Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918. Mmoja kati ya watu hao watatu ni mpagazi. Chini yao pamechongwa maneno, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zilizotumika, ambayo huwaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Kisha maneno hayo humgeukia msomaji mmoja mmoja, kwa nafsi ya pili, na kumwahidi kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Ahadi hiyo ilitungwa na Rudyard Kipling. Wasomaji wa Kiswahili wamezoea kumkutanisha mwandishi huyu na hadithi za Maugli aliyelelewa na mbwa-mwitu, na wanafunzi wa historia wamezoea kumtaja kuwa mshairi wa ubeberu, jambo ambalo halina ubishi. Lakini sanamu zilipofunuliwa Nairobi, mtunzi wa maneno yake alikuwa baba aliyempoteza mwana wake wa pekee katika vita hivyo hivyo, miaka 13 kabla ya hapo, wala hakuwa na kaburi la kuzuru. Kwa mhakiki jambo hili ni zaidi ya habari ya maisha ya mtu. Mkono mmoja uliandika kumbukumbu ya kijana mmoja aliyejulikana sana kwake, na mkono huo huo ukaandika kumbukumbu ya maelfu asiowajua hata mmoja. Kuyasoma maandishi hayo pamoja ni kuuliza lugha inaweza kufanya nini, na haiwezi kufanya nini, mbele ya kifo cha askari ambaye hajafikia umri wa kuwa na habari ndefu.

John Kipling alizaliwa tarehe 17 Agosti 1897. Macho yake yalikuwa dhaifu mno, na vita vilipoanza alikataliwa kwa sababu hiyo. Baba yake, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiwahimiza Waingereza kujiandaa kwa silaha, alikwenda kwa rafiki yake Lord Roberts, mkuu wa heshima wa kikosi cha Irish Guards, na kwa neno la mzee huyo kijana akapata nafasi ya uofisa. Alivuka bahari kwenda Ufaransa mwezi wa Agosti 1915, siku zile zile alipotimiza miaka 18. Tarehe 27 Septemba, katika mapigano ya Loos, hakuonekana tena. Habari iliyofika nyumbani ilisema kwamba amejeruhiwa na kwamba hajulikani alipo. Wazazi wake walitumia miaka wakiwatafuta na kuwahoji askari wa kikosi chake, hospitalini na majumbani, wapate walau kujua alianguka wapi.

Hayo ndiyo maisha yake takriban yote, nayo yameingia katika aya moja. Hapa ndipo ugumu wa kifani unapoanza. Wasifu, kama ulivyozoeleka katika fasihi ya Kiswahili na katika fasihi nyingine, huhitaji matendo: safari, kazi, maneno ya hekima, ndoa, uzao. Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad alikuwa na sauti, nyimbo na umri wa mtu mzima wa kusimulia. Kijana wa miaka 18 hana mambo hayo. Kilichopo ni uso, mzaha wa nyumbani, barua chache na tarehe mbili. Mwandishi hujaribiwa kuijaza nafasi tupu kwa sifa ambazo zingemfaa kijana yeyote, na kwa kufanya hivyo humfuta yule aliyekusudia kumkumbuka.

Kipling hakuingia katika mtego huo, na njia aliyoichagua kwanza ni ya kushangaza. Alikubali kuandika historia ya kikosi cha mwanawe, akaifanyia kazi kwa zaidi ya miaka mitano, akitumia shajara za vita na masimulizi ya wahusika; The Irish Guards in the Great War ikatoka mwaka 1923 katika juzuu mbili. Mwandishi ambaye angeweza kuuza hadithi fupi kwa bei aliyoitaka alikaa mezani akipanga tarehe, idadi ya majeruhi, mvua, matope na majina ya vijiji. Msomaji anapofika kwenye siku ile ya Loos, anamkuta Luteni wa Pili Kipling katika sentensi inayowataja maofisa kadhaa pamoja: huyu alipigwa risasi, yule alipatikana baadaye amekufa, na mwingine, ambaye ni mwana wa mwandishi, alijeruhiwa na akakosekana. Sentensi hiyo inapita, na historia inaendelea na siku iliyofuata.

Wako waliouona ufupi huo kuwa ubaridi wa moyo, au kuwa mazoea ya tabaka ambalo liliona haya kulia hadharani. Maelezo hayo hayatoshi, kwa maana hayaangalii kitabu kiliandikwa kwa nani. Wasomaji wake wa kwanza walikuwa askari wa kikosi hicho pamoja na wazazi na wajane wa wale ambao hawakurudi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, husema Waswahili, na kitabu hicho kilikuwa kinakwenda mikononi mwa wazazi wengi wenye uchungu ule ule. Laiti mwandishi angempa mwanawe kurasa tatu, angekuwa amewapokonya wengine. Akampa nafasi ambayo luteni yeyote angeipata, wala hakuizidisha kwa kivumishi kimoja. Nguvu ya sentensi hiyo imo katika mpango wake: jina la ukoo la mwandishi, ambalo liko kwenye jalada, linatokea ndani ya orodha kama jina la mtu baki. Msomaji ambaye hajui habari hii hupita bila kusimama. Anayejua husimama, na hakuna neno lililomwamuru asimame.

Ufundi huu wa kunyima ni tofauti kabisa na ule wa shairi la "My Boy Jack", lililotoka mwaka 1916 pamoja na makala kuhusu mapigano ya baharini ya Jutland. Kwa juu shairi hilo ni la baharia: kuna pepo, maji kujaa na kupwa, mzazi anauliza na kujibiwa. Mengi yamekwisha kuandikwa juu yake na hapana haja ya kuyarudia. Yatosha kusema kwamba Kipling aliweza kuuliza habari za mwanawe kwa sauti pale tu alipomvika sare ya mwenzake.

Beti fupi alizoziita Epitaphs of the War, zilizochapishwa mwaka 1919, zinahitaji kusomwa kwa uangalifu zaidi. Kila ubeti umekusudiwa kuwa maneno ya kaburi la mtu mmoja, lakini kaburi lenyewe halipo. Mwandishi ameyaazima mapokeo ya Wayunani wa kale ya kumfanya marehemu aseme na mpita njia. Humo wamo mwana wa pekee, mwoga aliyeuawa na wenzake, mtumishi ambaye bwana wake anakiri kwamba alimpita kwa ubora, askari wa Kihindi aliyefia Ufaransa, na mchukuzi wa maji, mwenyeji wa nchi za mashariki, ambaye analinganishwa na yule wa hekaya za Kiyunani aliyewaletea wanadamu moto. Huyu wa mwisho awavutie wasomaji wa Afrika Mashariki. Mchukuzi amepewa heshima kubwa ya kishairi, pengine kubwa kuliko ya maofisa. Lakini hana jina. Mwana wa pekee naye hana jina, kwa hiyo mtu angeweza kusema kwamba wote ni sawa. Ukweli ni kwamba msomaji wa mwaka 1919 aliweza kumpa mwana huyo jina mara moja, kwani gazeti lilikuwa limemtangaza. Mchukuzi wa maji hakuwa na gazeti.

Ubeti mmoja katika hizo umegombaniwa sana. Marehemu wanasema kwamba, mtu akiuliza walikufa kwa nini, ajibiwe kuwa baba zao walidanganya. Desturi ya wengi imekuwa kuusoma kama toba ya Kipling: baba aliyemsukuma mwanawe vitani anakiri kosa. Usomaji huo unaliridhisha sikio la leo, lakini una kasoro. Tangu mwanzo wa karne Kipling alikuwa akiwalaumu wenzake kwa kukataa kuwafunza vijana wote kazi ya jeshi. Kwa maoni yake uongo wa akina baba ulikuwa kusema kwamba vita havitakuja. Akisomwa hivyo, anamnyoshea kidole mtu mwingine. Lakini hata usomaji huu wa pili haumwokoi kabisa, maana aliuandika ubeti wenyewe kwa wingi, "baba zetu", na baada ya mwaka 1915 hakuweza kulitamka neno baba bila kujihesabu. Shairi limesema zaidi ya alivyoamini mtunzi wake. Wanaolazimisha toba ndani yake wanalifanya dogo, sawasawa na wale wanaokana kwamba ipo.

Kazi iliyo tajiri kuliko zote katika kundi hili ni hadithi fupi ya "The Gardener", iliyotoka mwaka 1925 na kuingizwa kitabuni mwaka 1926. Helen Turrell, mwanamke asiyeolewa wa kijiji cha Uingereza, anamlea Michael, ambaye kijiji kizima kinaambiwa kuwa ni mtoto wa kaka yake aliyefia Uhindi. Mtoto anapouliza kwa nini hawezi kumwita mama kama watoto wengine, anaruhusiwa kufanya hivyo wakati wa kulala tu. Vita vinapokuja Michael anauawa na kombora, na kombora la pili linamfunika kwa msingi wa ukuta wa ghala, hata inaonekana kana kwamba ametoweka. Baada ya vita mwili unapatikana, na Helen anasafiri kwenda kuliona kaburi katikati ya maelfu ya misalaba. Hapo anamkuta mtu anayepanda maua. Anamwambia kwamba anamtafuta mtoto wa kaka yake. Mtu yule anamtazama kwa huruma nyingi na kumjibu kwamba atamwonyesha alipolala mwanawe. Helen anaondoka akidhani yule alikuwa mtunza bustani, na msomaji wa Injili ya Yohana anajua ni nani mwingine aliyedhaniwa hivyo makaburini.

Kipling amempa mhusika huyu alichokosa yeye, yaani mwili uliopatikana na safu ya kaburi yenye nambari. Ila la kufaa wanalugha kulitazama ni neno moja. Katika Kiingereza, mtoto wa ndugu na mwana wa kuzaa ni maneno mawili yasiyochanganyika, na hadithi nzima imejengwa juu ya ukuta uliopo baina yao. Mtunza bustani anauvunja ukuta huo kwa neno moja tu. Je, mfasiri wa Kiswahili afanyeje? Shangazi wa Kiswahili humwita mtoto wa kaka yake mwanangu, wala hakuna wa kumshangaa. Mtunza bustani akisema "mwanao", msikilizaji atayapokea maneno hayo kuwa adabu ya kawaida, na kilele cha hadithi kitakuwa kimepita bila kuonekana. Akisema "mwana uliyemzaa" siri itapasuka kwa kishindo, na huruma iliyomo katika hadithi, ambayo ni kuijua siri bila kuitangaza, itapotea.

Njia ipo, lakini haimo katika neno hilo. Mfasiri itambidi aanze mbali: amfanye Helen, tangu ukurasa wa kwanza, akatae kila mara kusema "mwanangu" mahali ambapo shangazi yeyote angelisema, na badala yake atumie maneno marefu na makavu, "mtoto wa marehemu kaka yangu", kwa posta, kwa padri, kwa mwenye hoteli. Msomaji wa Kiswahili ataanza kuona kwamba mwanamke huyu anajinyima neno ambalo lugha yake inampa bure. Ndipo "mwanao" ya mwishoni, kwa ufupi wake, itakuwa na uzito unaostahili. Mfano huu unaonyesha kwamba tafsiri ya kumbukumbu ni pia tafsiri ya ujamaa. Haiwezekani kusema nani amekufa bila kwanza kuamua alikuwa nani kwa nani.

Hoja hiyo inarudisha fikra kwenye jiwe la Nairobi. Ahadi yake, katika Kiingereza, inawapa wana wa marehemu kazi ya kulikumbuka jina. Lakini askari kijana, na hasa yule wa miaka 18, kwa kawaida hana wana. John Kipling hakuwa nao. Kwa mantiki ya maneno yenyewe, mtu ambaye kifo chake ndicho chanzo cha uchungu wa mtunzi hakuingia katika ahadi ambayo mtunzi aliitoa. Haielekei kwamba Kipling hakuliona jambo hilo. Aliyekuwa mshauri wa maneno katika Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola tangu 1917 alijua kwamba waliokuwa wakiandika barua kwa tume walikuwa wazazi zaidi kuliko watoto.

Msomaji wa Kiswahili husikia ahadi pana kuliko hiyo. Wana wa mtu, katika lugha hii na katika jamii nyingi za Kenya, ni pamoja na wana wa ndugu zake. Kwa desturi ya Wakikuyu, majina ya watoto hufuata babu na bibi, kisha ndugu za wazazi; kwa hiyo jina la kijana aliyekufa bila mke linaweza kuitwa kila siku katika boma la kaka yake, na mtoto akagombezwa na kubembelezwa kwa jina la askari. Hapa Kiswahili kimeisaidia ahadi kuliko alivyokusudia mwandishi wake. Tafsiri imefanya kazi ambayo asili haikuiweza.

Hata hivyo, ili jina likumbukwe, sharti kwanza lijulikane, na hapo ndipo jiwe linapopatwa na aibu. Katika makaburi ya Ufaransa kanuni ya tume ilikuwa kila aliyekufa atajwe kwa jina, bwana na mtwana, bila kujali cheo. Kanuni hiyo ilikuwa tukufu. Katika Afrika Mashariki haikufuatwa kwa Waafrika: maelfu kwa maelfu ya askari na wapagazi waliachwa bila kaburi lenye jina, na sanamu kama hizi za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam ndizo zilizowekwa badala ya majina. Makadirio ya wanahistoria kuhusu vifo vya wapagazi wa upande wa Waingereza hufika takriban 95,000, wengi wao kwa kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa. Kitabu cha Geoffrey Hodges cha mwaka 1986 kimeieleza habari hiyo kwa urefu. Mwezi wa Aprili 2021 tume yenyewe, ambayo siku hizi ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Jiwe lililoahidi ukumbusho wa jina lilisimamishwa kwa sababu majina hayakuchongwa.

Lugha ya watu, kwa upande wake, ilijiwekea ukumbusho bila kuagizwa na tume. Jina la Kiingereza la jeshi la wapagazi limebaki Dar es Salaam kwa umbo la Kariakoo, irabu ya mwisho ikiwa imerefushwa, na Nairobi kwa umbo la Kariokor, lenye r iliyokataa kuondoka. Maelfu ya watu hulitamka neno hilo kila siku wakienda sokoni. Ni kumbukumbu ya kweli. Lakini ni jina la kundi, tena jina lililotolewa na wale waliolikusanya kundi hilo kwa nguvu.

Swali lingeweza kuulizwa pia kwa fasihi ya Kiswahili yenyewe, ambayo haina upungufu wa maandishi ya vita. Katika Utenzi wa Herekali, ambao nakala yake ya kale ina tarehe ya 1728, kifo cha Jaafari katika mapigano ya Muta ndicho kinachodai kisasi na kulianzisha jeshi. Marehemu ana jina, nasaba na watu wa kumlilia, na utenzi mzima unatoka kifuani mwake. Lakini Jaafari ni binamu wa Mtume. Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, uliochapishwa 1967 baada ya mtunzi kufariki, una kipimo cha mataifa na majemadari, kama ilivyopasa utenzi wa vita vya dunia. Askari mmoja wa kawaida, aliyetoka Machakos au Songea akafia Burma, aliyekuwa na mzaha wake na woga wake, hana utenzi wenye ukubwa wa aina hiyo. Fani yenyewe haimkatai. Ubeti wa mizani nane unaweza kubeba jina la mtu mnyonge kwa urahisi ule ule unaobeba jina la shujaa, na mtunzi atakayejaribu atakuwa na faida ambayo Kipling hakuwa nayo: lugha ambamo ami na shangazi wana haki kamili ya kusema "mwanangu".

Kuhusu John, tume iliamua mwaka 1992 kwamba kaburi moja la luteni asiyejulikana wa Irish Guards, karibu na Loos, ni lake. Wengine waliupinga uamuzi huo, hasa kwa sababu ya cheo, wengine wakautetea. Ikiwa ni sahihi, basi kwa miongo mingi kijana huyo alilala chini ya jiwe lenye maneno aliyoyachagua baba yake kwa ajili ya wote wasiotambuliwa, kwamba Mungu anamjua. Baba alikufa mwaka 1936. Elsie, dada yake John na wa mwisho katika uzao ule, alifariki mwaka 1976 bila kuacha mtoto. Jina lilichongwa miaka kumi na sita baada ya hapo.